Keki ya Huruma haihitaji flashi

Kuna imani iliyokita mizizi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kariobangi hadi Mathare, kwamba picha nzuri ya keki ya harusi ni kitu cha kununuliwa. Hununuliwa kwa kamera ya bei ya pikipiki, kwa flashi kubwa, kwa taa ya duara yenye miguu mitatu, na kwa ukumbi wa hoteli uliojaa mapazia yanayometa. Asiye navyo huambiwa aridhike na alichojaliwa. Mtaa wa Huruma nao hupewa hukumu kali zaidi. Huko, wasemaji husema, maghorofa yamebanana, vichochoro ni vyembamba, jua halifiki chini na stima hupotea bila taarifa. Keki yenye heshima ipelekwe ikapigwe picha bustani ya Arboretum, au isipigwe kabisa.

Imani hiyo ni potofu, na haifai kuachwa ipite kama maoni tu, kwa sababu inawaumiza watu wanaotafuta riziki.

Wanaoumia ni waokaji. Huruma, kama mitaa jirani, ina kina mama na vijana wengi wanaooka keki nyumbani, ndani ya chumba kimoja au viwili, kwa oveni ya gesi iliyobanwa kati ya kitanda na meza. Hawana duka lenye kioo cha mbele. Kioo chao ni simu: picha inayowekwa kwenye WhatsApp asubuhi ndiyo huleta oda jioni. Mteja wa Umoja au Kayole hawezi kuonja keki kupitia simu, hununua alichokiona. Mwokaji anapoaminishwa kwamba bila vifaa ghali hawezi kupata picha ya maana, hubaki na njia mbili. Ama amlipe mpiga picha pesa ambazo zingenunua unga, sukari na mayai ya oda nyingine, ama achukue kwenye intaneti picha ya keki iliyookwa ng'ambo na kuionyesha kama sampuli. Njia hiyo ya pili ndiyo imezaa malalamiko yote yale ya harusi ambapo bibi harusi aliahidiwa kitu kimoja na kuletewa kingine. Kosa huangushiwa mikono ya mwokaji, ilhali mara nyingi mikono hiyo ina ustadi kamili na kilichokosekana ni picha ya kazi yake mwenyewe.

Tuanze na hiyo flashi inayosifiwa. Flashi iliyopachikwa juu ya kamera, au ile ndogo iliyo nyuma ya simu, hukaa karibu kabisa na lenzi. Mwanga wake hutoka upande uleule ambao jicho la kamera linatazama, ukaigonga keki usoni na kusukuma vivuli vyote nyuma, mahali ambapo lenzi haioni. Sasa fikiria kazi iliyo juu ya keki ya harusi: lulu za sukari zilizopangwa moja moja, mistari ya aisingi iliyominywa kwa mfuko, maua ya fondanti yenye petali nyembamba, kitambaa cha sukari kinachoiga lesi. Vyote hivyo vina rangi moja, nyeupe juu ya nyeupe. Kinachotenganisha ua na ukuta wa keki ni kivuli chembamba kilicho chini ya petali, basi. Kiondoe kivuli hicho na ua linatoweka. Mwokaji aliyekesha akiminya aisingi hujikuta na picha ya mitungi mitatu ya chokaa iliyobebana.

Mwanga wa ubavuni hufanya kinyume. Ukitoka dirishani au mlangoni na kupita juu ya uso wa keki kwa mshazari, kila lulu hupata upande mng'avu na upande wenye kivuli, na kila mstari wa aisingi huinuka. Mwanga huo haulipiwi.

Wanaotetea vifaa hujibu kwamba picha za bila flashi hutoka na giza, na keki nyeupe huonekana kama imepakwa majivu. Wanachokiona ni kweli. Sababu wanayoitoa ndiyo isiyo ya kweli. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kwamba mbele yake pana keki. Kimetengenezwa kudhani kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu, inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kikikutana na kitu cheupe kilichojaa kwenye fremu, hudhani mwanga umezidi na hupunguza, hadi cheupe kinageuka kijivu. Hapo ndipo mtu hukata shauri kwamba chumba kina giza na kuwasha flashi. Dawa ni kugusa keki kwenye kioo cha simu, kungoja ile alama ndogo ya jua itokee, kisha kuipandisha kwa kidole taratibu mpaka weupe urudi. Ipandishwe kidogo tu. Katika picha ya kawaida ya simu kila rangi ya msingi hupimwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255, na sehemu ikishafika 255 haina tena habari yoyote ndani yake. Hakuna programu ya kuhariri inayoweza kurudisha lulu zilizoungua kwa mwanga. Afadhali picha yenye giza kidogo, maana hiyo hurekebishika.

Weupe huu haukuja bure. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840, keki yake ya takriban kilo 136 ilipakwa aisingi nyeupe wakati ambapo sukari iliyosafishwa ikang'aa ilikuwa bado alama ya utajiri, na hadi leo aisingi ngumu ya aina hiyo huitwa ya kifalme. Familia ya Huruma inayochanga kwenye kamati ya harusi miezi kadhaa ili iwe na keki nyeupe ya ngazi tatu inajua thamani ya weupe huo. Picha inayoufanya majivu, au inayouunguza hadi usione kitu, imeipora familia hiyo kile ilichokilipia.

Kuna jambo zito zaidi, nalo linahusu sura za watu. Keki hukatwa na bwana na bibi harusi, nao katika harusi nyingi za Huruma ni watu weusi waliosimama ubavuni mwa kitu cheupe pepepe. Kipimo cha kamera kikiifuata keki, nyuso huzama gizani. Kikizifuata nyuso, keki huungua. Teknolojia ya picha ina historia ya aibu hapa. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilisambaza kadi za kusawazishia rangi zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyeichunguza historia hiyo, alieleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu ili ionyeshe rangi za kahawia vizuri ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya mtu mweusi. Fundi wa leo anayemwagia maharusi flashi ya uso kwa uso, hadi nyuso zinameremeta kwa mafuta na jasho na keki inageuka doa, anaendeleza kosa lilelile kwa kamera mpya.

Suluhisho liko kwenye nafasi ya watu. Maharusi wasogezwe upande wa dirisha, keki iwe hatua moja ndani zaidi. Mwanga wa dirisha hupungua haraka kadiri unavyoingia chumbani, kwa hiyo anayesimama karibu na dirisha hupata mwingi na aliye mbali hupata kidogo. Nyuso zinazohitaji mwanga zaidi hupewa zaidi, na keki inayorudisha mwanga mwingi hupewa kiasi. Tofauti ya hatua moja hufanya kazi ambayo mashine ya maelfu ya shilingi haifanyi.

Sasa turudi kwenye lile dai kwamba Huruma haina mwanga. Anayesema hivyo anasimama chini kichochoroni saa saba mchana na kutazama juu. Ni kweli, hapo chini mwanga hushuka kutoka ukanda mwembamba wa anga, huangukia kilele cha keki tu na kuacha ngazi za chini gizani. Tena kuta zilizopakwa rangi ya waridi au kijani huchafua weupe, kwa kuwa ukuta wa rangi hurudisha mwanga wenye rangi. Hapo si mahali pa keki. Lakini ghorofa za Huruma hazikujengwa chini peke yake. Kwenye korido ya ghorofa ya nne au ya tano, mlango wa nyumba ukiachwa wazi, mwanga huingia kwa ubavu, mpana na mtulivu, bila jua kali. Ukuta wa jengo la mkabala ambao watu huulaani kwa kuziba upepo, kama ni wa simiti au umepakwa chokaa, hupokea jua na kulirudisha likiwa limelainika. Msongamano unaolaumiwa ndio unaoleta ulaini huo.

Juu zaidi kuna paa la kuanikia nguo. Asubuhi, kamba zikiwa zimejaa shuka, pale kuna kitu ambacho studio za mjini hukinunua kwa pesa nyingi. Shuka jeupe lililotandazwa kati ya jua na keki huugeuza mwanga mkali kuwa mpole, kwa kuwa chanzo cha mwanga hakiwi tena lile jua dogo la angani bali shuka zima lenye upana wa mita mbili. Kadiri chanzo kinavyokuwa kipana na karibu, ndivyo kingo za vivuli zinavyolainika. Vumbi ni tatizo, kweli, na kupandisha keki ya ngazi tatu kwenye ngazi za ghorofa saba ni kuitafutia balaa. Kwa hiyo paa ni la keki ndogo za stendi na korido ni ya ile kubwa.

Vitabu vingi vya upigaji picha, vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, humwambia msomaji atafute dirisha linalotazama kaskazini kwa sababu jua haliingii humo. Ushauri huo ukirudiwa Nairobi bila kufikiri hupotosha. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya digrii moja. Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi mingine hupita kusini. Kwa harusi ya Agosti, dirisha la upande wa kusini ndilo lenye mwanga mtulivu. Kwa harusi ya Desemba, geuza meza ielekee dirisha la kaskazini. Wapiga picha wa Nairobi wamerithi pia hadithi ya saa ya dhahabu ya jioni, wakaahirisha kila kitu hadi jua linapozama. Huko London jua huzama kwa mshazari na mwanga ule hudumu. Hapa jua hushuka karibu wima na giza huingia upesi. Anayeingoja saa hiyo huku mshereheshaji akiendelea na zawadi atajikuta na taa za ukumbini.

Na Agosti yenyewe, mwezi wa harusi nyingi, husemwa vibaya kwa mawingu yake. Maharusi husononeka wakiamka na kukuta anga limefunga. Kwa keki nyeupe hakuna siku njema kuliko hiyo. Wingu la Nairobi la Julai na Agosti hulifanya anga zima kuwa taa moja laini kuanzia asubuhi hadi alasiri, na mpiga picha anaweza kufanya kazi saa sita mchana bila hofu.

Mwanga ukishapatikana, kazi kubwa inayobaki ni kuondoa. Balbu ya chumbani izimwe kwanza. Ushauri huu huwashangaza wengi, maana wamezoea kuwasha kila taa. Lakini balbu ya manjano na mwanga wa mlangoni ni rangi mbili tofauti, na keki nyeupe huzipokea zote mbili: ubavu mmoja wa buluu, mwingine wa rangi ya samli. Kamera haiwezi kusahihisha zote mbili kwa pamoja. Zima balbu, na keki inarudi kuwa nyeupe.

Kisha yaondolewe yale mapambo. Hapa imani iliyoenea ni kwamba picha ya keki inapaswa kuonyesha kila kitu: maputo, maua ya plastiki, chupa za soda, kitambaa cha kumetameta, jina la mwokaji kwa herufi kubwa. Keki huwa imepotea katikati ya soko. Ukuta mtupu, au shuka moja lisilo na mikunjo lililofungwa kwenye grili ya dirisha, humpa mtazamaji kitu kimoja cha kutazama. Kipande cha katoni kilichofunikwa kwa karatasi nyeupe, kikisimamishwa upande wa pili wa keki mkabala na dirisha, hurudisha mwanga kidogo kwenye upande wa giza. Kikisogezwa karibu kivuli hupungua, na kikisogezwa mbali kivuli hukolea. Mwokaji mwenyewe anaweza kuliona badiliko hilo kwa macho kabla hajashika simu, na akishaliona mara moja hatalisahau.

Kimo cha kamera nacho. Wengi hupiga wakiwa wima, simu ikiwa kifuani, wakiitazama keki kwa juu. Keki ya ngazi tatu ikipigwa hivyo hufupika, ngazi ya juu huvimba na ya chini hukonda. Kosa huzidi kwa kuwa lenzi ya simu ni pana na watu huisogelea keki hadi nusu mita. Rudi nyuma hatua mbili, piga magoti, lenzi ilingane na ngazi ya katikati, kisha ukate pembezoni baadaye. Mistari ya keki itasimama wima na ukubwa wake utaonekana ulivyo. Kwa zile keki za stendi ya chuma yenye mikono mingi, ambazo bado zinapendwa sana katika harusi za Kenya, mpiga picha azunguke polepole hadi apate pembe ambayo hakuna keki inayomfunika mwenzake. Pembe hiyo karibu kila mara haiko mbele katikati, pale ambapo kila mtu husimama.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa kwa heshima. Wapiga picha wa harusi husema kwamba keki hukatwa jioni, ndani ya hema lililofunikwa vitambaa vya zambarau, umati ukiwa umebana, taa ya video ikiwaka usoni, na hapo dirisha haliko. Wana haki. Hapo flashi inahitajika, na hata hivyo ielekezwe kwenye kitambaa cheupe au kwenye dari nyeupe ili irudi ikiwa pana, badala ya kulengwa kwenye keki. Lakini tukio la kukata keki na picha ya keki ni mambo mawili. La kwanza ni la maharusi na jamaa zao, na linaweza kuvumilia mwanga mbovu kwa sababu uzito wake uko kwenye nyuso na vigelegele. La pili ni la kazi ya mwokaji, na halina sababu ya kungoja jioni. Keki nyingi husafirishwa zikiwa zimetenganishwa na kupangwa ukumbini, lakini waokaji makini huzipanga kwanza nyumbani kuhakikisha zinakaa sawa. Muda huo, saa moja na nusu asubuhi, mlango ukiwa wazi koridoni, ndio wa picha. Aliyeukosa ana nafasi nyingine akifika ukumbini wakati viti vinapangwa: meza isogezwe mlangoni kwa dakika tano, kisha irudishwe mahali pake.

Hoja hizi haziishii kwenye keki nyeupe. Keki za ngurario, harusi ya kimila ya Wakikuyu, zinazoiga vibuyu na viondo kwa fondanti ya kahawia zina shida yake: hung'aa. Flashi huacha doa jeupe juu ya kibuyu na kuufuta msuko wa kiondo. Mwanga unaotoka nyuma kidogo, upande wa bega la keki, hufuata misuko hiyo na kuitoa mmoja mmoja. Keki hizi zikipigwa vizuri huonekana nzuri kuliko za ngazi tatu, na inasikitisha kwamba ndizo zinazoharibiwa zaidi.

Ukitafuta picha za Huruma kwenye kumbukumbu za magazeti, utakutana na jengo lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 50. Picha hizo zilistahili kupigwa, na wenye majengo mabovu wanastahili kukumbushwa kila mwaka. Lakini mtaa haupaswi kujulikana kwa kifusi pekee. Katika ghorofa za mtaa huohuo kuna watu wanaominya maua ya sukari hadi usiku wa manane kwa mikono isiyotetemeka, na kazi hiyo nayo ni ushahidi wa Huruma. Kuwaambia kwamba hawawezi kuionyesha hadi wanunue kamera ni kuwanyamazisha.

Kwa hiyo mwokaji wa Huruma anayesoma haya asikope pesa za kununua taa ya duara. Afungue mlango kesho asubuhi, azime balbu, aweke keki kwenye stuli hatua moja kutoka kizingitini, afunge shuka jeupe nyuma yake, apige magoti na apige picha. Aifute ile picha ya ng'ambo kwenye simu yake na aweke hii, na chini yake aandike kwamba imeokwa Huruma.